Bakapu imekamilika, lakini imenakili nini?

Mstari wa mwisho wa skripti ya bakapu ya ofisi yetu ulikuwa huu: echo "Bakapu imekamilika". Juu yake kulikuwa na amri ya rsync, programu ya kunakili mafaili, iliyosoma folda ya pamoja ya ofisi kupitia NFS, njia ya kufungua folda za seva kwa mtandao, na kuinakili kwenye diski ya pembeni. Kila alfajiri ujumbe huo uliingia kwenye barua pepe ya meneja. Fundi aliyeiandika alikuwa ameshaondoka kabla mimi sijaajiriwa, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuitilia shaka, mpaka dada wa uhasibu alipofuta folda ya mishahara kwa bahati mbaya akaomba irejeshwe.

Folda ilikuwepo kwenye bakapu, na jina lake na tarehe yake vilikuwa sahihi. Ndani yake hakukuwa na faili hata moja.

"Kaka, mbona tupu?" aliniuliza akiwa amesimama nyuma ya kiti changu. "Si mnasema inanakiliwa kila siku?"

Kwa bahati njema alikuwa na nakala kwenye laptopu yake, na mishahara ikatoka. Lakini swali lake ndilo ninalotaka kulijibu hapa kwa kirefu, kwa sababu nimekutana nalo katika ofisi nyingine nyingi tangu wakati ule, kwa sura tofauti, na karibu kila mara chanzo ni kilekile. Bakapu ya mafaili ya pamoja kwenye mtandao haisomi diski. Inasoma kile ambacho seva imekubali kumwonyesha mteja fulani, kutoka kwenye mashine fulani, kwa ruhusa fulani, saa hiyo. Ukianza uchunguzi bila kujiuliza nani anatazama na anatazamia wapi, utahangaika na kebo na diski bure.

Turudi kwenye folda ya mishahara. Ilikuwa na ruhusa 700, yaani mwenyewe tu ndiye anayeingia, na ndivyo folda ya mishahara inavyopaswa kuwa. Skripti iliendeshwa na root, yaani msimamizi mkuu, wa mashine ya bakapu, na kila mtu aliamini root anaona kila kitu. Kwenye diski ya mashine yake mwenyewe, ndiyo. Kwenye NFS, hapana. Seva ya NFS ya Linux, usipoiambia vinginevyo, hutumia kanuni iitwayo root_squash: anayekuja akijitambulisha kwa namba 0, ambayo ni ya root, hugeuzwa kuwa nobody, mtumiaji asiye na mamlaka, kwa kawaida namba 65534. Sababu yake ina mantiki. Yeyote mwenye laptopu yake anaweza kuwa root wa laptopu hiyo, na seva haiwezi kumwamini kila anayejiita mkubwa. Matokeo yake ni kwamba root wa mashine ya bakapu alikuwa na uwezo mdogo kuliko yule dada wa uhasibu. Aliona jina la folda, akaliumba upande wa pili, akajaribu kuingia, akaambiwa "Permission denied", akaendelea na safari.

rsync haikuficha jambo hilo. Ilimaliza kwa msimbo 23, ambao maana yake ni kwamba sehemu ya kazi haikufanyika kwa sababu ya makosa. Ila maandishi ya makosa yalikuwa yameelekezwa /dev/null, yaani yanatupwa, na skripti nzima hurithi matokeo ya amri yake ya mwisho. Amri ya mwisho ilikuwa echo, ambayo kazi yake ni kuandika maneno tu, na echo haishindwi. Hata ukiwa mwangalifu ukaandika rsync kisha ukapitisha maandishi yake kwenye tee ili yabaki kwenye logi, msimbo utakaoupata ni wa tee, mpaka uweke set -o pipefail juu ya skripti. Kwa hiyo jambo la kwanza ninalofungua nikiitwa kuangalia bakapu ni skripti yenyewe, nisome inavyoishia. Seva baadaye.

Tiba ya root_squash ina njia mbili. Iliyo bora ni kuendesha bakapu kwenye seva yenyewe, mahali ambapo root ni root kweli. Isipowezekana, mfano seva ni kile kisanduku cha NAS, yaani hifadhi ya mtandao, kisichoruhusu kuingia ndani, basi mashine moja tu ya bakapu ipewe ruhusa yake kwenye orodha ya ruhusa za NFS ya seva (kwenye Linux ni faili la /etc/exports): anwani yake ya IP, no_root_squash, na pamoja nayo ro, yaani kusoma tu. Hiyo ro msiiache. Mashine inayoruhusiwa kusoma kila kitu haina sababu ya kuruhusiwa kuandika, na siku ikiingiliwa na kirusi cha kufunga mafaili mtashukuru.

Tatizo la pili ndilo linaloniogopesha kuliko yote, na kwetu huku linachochewa na umeme. Umeme unakatika usiku, unarudi baada ya nusu saa, mashine zote zinawaka kwa pamoja. Mashine ya bakapu ni nyepesi, inawaka haraka. Seva ya mafaili ina diski nyingi za kukagua, inachelewa. Mashine ya bakapu inajaribu kuimaunti, yaani kuiunganisha, folda ya pamoja, seva haijibu, na kwa kuwa mtu aliweka nofail kwenye fstab, faili la orodha ya vitu vya kumaunti, ili mashine isikwame wakati wa kuwaka, inaendelea bila folda hiyo. Saa nane usiku cron, inayoanzisha kazi kwa ratiba, inaamka. /mnt/ofisi, mahali folda ya pamoja inapomauntiwa, ipo, kwa sababu ni folda ya kawaida kwenye diski ya ndani, ila haina kitu. rsync inaisoma, inaona chanzo ni tupu, na kwa kuwa imepewa --delete, inafuta kila kilichopo kwenye bakapu ili pande zote mbili zifanane. Inamaliza kwa msimbo 0. Hakuna kosa lolote lililotokea. Imefanya ilichoambiwa.

Hapa hata kinga ya rsync haisaidii. Ikikutana na kosa la kusoma upande wa chanzo, rsync husitisha ufutaji, na hilo limewaokoa wengi. Lakini folda tupu si kosa la kusoma. Kwa hiyo skripti yenyewe lazima iulize kwanza kama folda imemauntiwa: mountpoint -q /mnt/ofisi, na kama jibu ni hapana, isimame hapohapo kwa kelele. Mimi huongeza faili dogo la alama ndani ya folda ya pamoja, na skripti haiendi popote isipoliona, kwa sababu kuna siku folda imemauntiwa lakini ni ile isiyo yenyewe. Kisha --max-delete, ili usiku ambao ufutaji unazidi kiasi cha kawaida rsync igome na kutoa msimbo 25. Anayetumia systemd, kisimamizi cha huduma za Linux, aweke RequiresMountsFor kwenye huduma yake, ili isianze bila maunti. Hizo zote ni mistari michache, na sijui kwa nini maelekezo mengi ya kuandaa bakapu hayaanzi nazo.

Jambo hilohilo hutokea kinyume, pale diski ya kuwekea bakapu ndiyo isiyomauntiwa. Bakapu inaandikwa kwenye diski ya ndani ya mashine mpaka /, yaani mzizi wa mafaili yote ya mashine, inajaa, huduma zinaanza kuanguka, na mtu anaitwa asubuhi. Kufikia saa hiyo diski ya bakapu imesharudi na kumauntiwa juu ya folda ileile, ikayafunika yale mafaili. df, amri ya kupima nafasi ya diski, inasema diski ya ndani imejaa asilimia 100, du inajumlisha mafaili yanayoonekana na kupata nusu tu, na fundi anaanza kudhani diski ni mbovu. Mafaili yapo, chini. Maunti / mahali pengine kwa mount --bind / /mnt/chini, kisha endesha du humo, utayaona yamelala chini ya pale diski ya bakapu ilipomauntiwa. Ili yasirudi tena, diski ikiwa haijamauntiwa, wekea ile folda tupu chattr +i. Mtu yeyote, hata root, akijaribu kuandika ndani yake atakataliwa mpaka diski yenyewe ije juu.

Nikisema ufutaji unaotokana na bakapu unaniogopesha, si woga wa bure. Desemba 2021, kwenye kompyuta kuu ya Chuo Kikuu cha Kyoto huko Japani, skripti ya bakapu ilifuta takriban terabaiti 77 za kazi za watafiti, mafaili kama milioni 34, kutoka kwenye hifadhi ya pamoja ya Lustre, mfumo wa mafaili wa kompyuta kubwa. Vikundi 14 vya watafiti viliguswa, na vinne kati yake kazi yao haikuweza kurejeshwa. Kampuni ya Hewlett Packard iliyokuwa ikihudumia mfumo huo ilikiri wazi kwamba kosa lilikuwa lake, na maelezo iliyoyatoa kila anayeandika skripti anapaswa kuyasoma. Ndani ya skripti kulikuwa na sehemu ya kufuta logi zilizopita siku 10. Wakaiboresha, wakaandika toleo jipya juu ya lile la zamani wakati la zamani bado linakimbia. Bash, programu inayoendesha skripti kama hizo, haisomi skripti yote kwa mkupuo. Inasoma kipande, inatekeleza, inasoma kingine. Ilipofika katikati ikaanza kusoma toleo jipya, ambalo lilitegemea majina ya vigeu ambavyo kwenye mbio ile havikuwahi kupewa thamani. Amri iliyopaswa kufuta logi ikabaki bila njia ya folda ya logi, ikaanza kufuta mafaili ya watu kwenye /LARGE0, kuanzia tarehe 14 hadi walipoigundua tarehe 16.

Kuna mambo mawili humo ambayo yangeizuia kwa gharama ya dakika moja. Kwanza set -u mwanzoni mwa skripti, ili kigeu kisichokuwa na thamani kiiue skripti badala ya kugeuka kuwa nafasi tupu. Pili, toleo jipya liandikwe pembeni kwenye diski ileile kisha lisogezwe kwa mv. Bash inayokimbia itaendelea kushikilia faili la zamani mpaka imalize, na mbio inayofuata ndiyo itakayopata jipya. Siyo ujanja mkubwa. Lakini watu wa Kyoto walikuwa na mafundi wenye uzoefu na mkataba wa kampuni kubwa, na halikuzuilika.

Sasa kukwama. Unafika asubuhi, bakapu haijamaliza, logi imesimama kwenye faili moja. Unaandika df, nayo inaganda. Unaandika ls, inaganda. ps, inayoorodhesha programu zinazokimbia, inaonyesha rsync iko kwenye hali ya D, yaani inasubiri jibu ambalo haiwezi kuacha kulisubiri. Hiyo ndiyo tabia ya kawaida ya NFS iliyomauntiwa kwa hard: seva isipojibu, mteja anajaribu tena na tena bila kikomo, na keneli, kiini cha Linux, inaandika kwenye logi yake, dmesg, kwamba seva haijibu na bado anajaribu. Wengi wakiona hivyo hukimbilia kuweka soft. Kwa folda ambayo watu wanaiandikia, usifanye hivyo. Soft inarudisha kosa baada ya muda, programu nyingi hazikaguzi kosa hilo, na faili linabaki nusu. Kwa mashine ya bakapu inayosoma tu, soft inavumilika, mradi ule msimbo 23 unaheshimiwa.

Kabla ya kuua chochote, jua kama kilichokwama ni seva nzima au ni folda moja. timeout -s KILL 10 stat /mnt/ofisi itakupa jibu bila kuigandisha terminali yako. Angalia kama poti 2049 inafunguka, kwa kuwa faiwoli mpya iliyowekwa na mtu wa mtandao bila kuwaambia wengine ni mgeni wa mara kwa mara. Tangu keneli 2.6.25 ya mwaka 2008, mchakato unaosubiri NFS unaweza kuuawa kwa kill -9, kwa hiyo ile desturi ya kuwasha mashine upya kila mara si ya lazima. Na ukiona "Stale file handle", hilo ni jambo jingine: seva iko hai lakini kile ulichokuwa umekishika hakipo tena, pengine kwa sababu mfumo wa mafaili umeundwa upya au umesafirishwa kwa utambulisho mwingine. Huko hakuna kusubiri, ni kuondoa maunti na kuiweka upya.

Kukwama kwa usiku mmoja si hatari sana. Hatari ni usiku wa pili, cron inapoanzisha bakapu nyingine juu ya ile iliyoganda, na wa tatu, mpaka mashine inaishiwa pumzi. flock -n mbele ya amri inatosha kuzuia hilo.

Kuhusu polepole watu hulaumu mtandao, na mara nyingi wanalaumu upande usio wenyewe. Upana wa laini si shida. Shida ni safari. Kila faili, hata likiwa la kilobaiti mbili, linahitaji mteja aulize na seva ijibu kabla hajajua kama limebadilika. Tuseme mna mafaili milioni moja na kila swali linachukua milisekunde 1 ndani ya ofisi: sekunde elfu moja, kama dakika 17, kwa kuuliza tu. Ileile ukiifanya kupitia laini ya tawi yenye milisekunde 40, ni sekunde 40,000, zaidi ya saa 11, hata kama hakuna faili lililobadilika. Kununua laini pana zaidi hakutapunguza hata saa moja hapo. NFS hupunguza makali kwa kuleta sifa za mafaili mengi kwa pamoja inapoorodhesha folda, lakini dawa ni rsync ya pande mbili: moja kwenye seva, moja kwenye mashine ya bakapu, zikizungumza kwa ssh. Hapo kila upande unasoma diski yake, na kinachosafiri ni orodha na tofauti. Wengi wanaamini wanapata faida hiyo wakisoma kupitia maunti. Hawaipati. rsync ikiona njia zote mbili ni za mashine ileile, na kwake maunti ya NFS ni njia ya mashine ileile, inanakili mafaili mazima bila kutafuta tofauti.

Upande wa Windows nina moja tu ya kusisitiza, kwa sababu inarudi kila mahali. Kazi ya bakapu ukiiendesha wewe mwenyewe inafanya kazi, Task Scheduler, ratiba ya kazi ya Windows, ikiiendesha usiku haioni diski Z:, yaani folda ya seva iliyopewa herufi. Z: ni ya kikao chako ulichoingia nacho. Akaunti ya SYSTEM, ile ya Windows yenyewe, haina Z: hiyo, na akaunti nyingine yoyote vivyo hivyo. Andika njia kamili, \\seva\ofisi, na kazi hiyo ipewe akaunti yenye ruhusa kwenye seva.

Kisha kuna mafaili yaliyo wazi. Ukiona ~$bajeti.xlsx kwenye folda, jua kuna mtu aliondoka bila kuifunga bajeti, na bakapu yako huenda imeshika faili katikati ya kuandikwa. tar itakuambia faili limebadilika wakati wa kusomwa na kutoa msimbo 1, rsync itatoa 24 kwa mafaili yaliyotoweka njiani. 24 naweza kuivumilia kwenye folda yenye watu wengi. Kanzidata iliyo wazi siivumilii hata kidogo: nakala ya mafaili yake yakiwa yanaandikwa inaonekana nzima kwa ukubwa na tarehe, na huenda isifunguke. Itoe kwanza kwa amri yake ya kutoa nakala, au piga snapshoti, yaani picha ya diski ya wakati mmoja, kwa LVM, ZFS au VSS na unakili kutoka kwenye snapshoti hiyo. Tena ukitumia snapshoti, hakikisha folda kama .snapshot haimo kwenye orodha ya kunakiliwa, la sivyo bakapu itabeba ofisi ileile mara nyingi kadiri ya snapshoti zilizopo na diski itajaa kwa wiki.

Yote haya yanagunduliwa kwa kurejesha. Simaanishi kurejesha faili moja la majaribio linaloitwa test.txt ambalo fundi aliliweka mwenyewe. Mwombe mwenye kazi, yule wa uhasibu, wa rasilimali watu, wa maabara, achague faili analolijua la wiki iliyopita, kutoka kwenye folda iliyofungwa kuliko zote, alifungue mwenyewe na aseme kama ni lenyewe. Yeye ndiye anayejua kama jumla ya safu ya mwisho iko sawa, mimi sijui.

Urejeshaji una mtego wake pia, na ni uleule wa mwanzo ukija kwa mlango wa nyuma. Ukirudisha mafaili kupitia maunti yenye root_squash, huwezi kubadilisha mmiliki, na kila kitu kinarudi kikiwa cha nobody. Watu wanaona mafaili yao, hawawezi kuyahariri, na simu zinaanza. Kwenye NFSv4, toleo la nne la NFS, unaweza kuona nobody hata bila kosa hilo, pale jina la domeni kwenye faili la mipangilio la idmapd.conf linapotofautiana kati ya seva na mteja. Rejesheni moja kwa moja kwenye seva, kwa --numeric-ids, inayofuata namba za watumiaji badala ya majina yao, kwa sababu mtumiaji 1004 wa mashine ya bakapu si lazima awe mtumiaji 1004 wa seva kwa jina. Na kama ofisi inatumia ACL, yaani ruhusa za ziada za mtu mmoja mmoja, ambazo njiani hupotea kirahisi, endesha getfacl -R kwenye seva kabla ya kila bakapu na uhifadhi matokeo kama faili la maandishi pamoja na mafaili yenyewe. Siku ya kurejesha, setfacl --restore italisoma faili hilo na kurudisha ruhusa zote zilivyokuwa.